Kitonga na Mkweche Wetu

Kama unaenda Iringa na gari lililokula chumvi nyingi, kaa mkao wa kula kuanzia Ruaha Mbuyuni. Hapo joto halina utani, mibuyu imejipanga bonde zima, na vitunguu vimemwagwa pembeni ya barabara. Nunua, lakini beba na maji, tena mengi. Mbele yako kuna Kitonga: kona juu ya kona, ukuta wa mlima huku, korongo kule, na malori ya Zambia yanapanda mwendo wa kobe.

Sisi tulikuwa tunakwenda kumtambulisha mwenzangu kwa mama. Mkweche wake wa mwaka 1994 ulipita Mikumi bila neno. Katikati ya Kitonga mshale wa joto ukagusa nyekundu, mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Akazima AC, akawasha hita mpaka mwisho (ndiyo, hita, kwenye joto lile! Inavuta joto la injini na kulileta ndani), akasogea pembeni, akazima gari. Mimi nikaweka jiwe kwenye tairi na matawi barabarani.

Mama alisema saa kumi, na wajomba walishafika. Jamaa akaangalia saa, mkono ukaenda kwenye kifuniko cha rejeta.

"Braza, acha!"

Utingo wa lori lililosimama nyuma yetu. Maji ya mle ndani yana presha, yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu, yanakurukia usoni. Tukasubiri dakika 40. Jamani, dakika 40 na mwanaume anayejisikia kaaibika ukweni kabla hajafika! Nikammenyea chungwa. Akala, kimya.

Kumbe mpira wa juu wa rejeta ulichanika pale unapobanwa na klampu. Utingo akakata ile ncha mbovu kwa kisu, akaurudishia, akakaza kwa bisibisi. Maji tukaongeza taratibu, injini inaunguruma, kifuniko wazi mpaka mapovu yakaisha. Tukampa hela ya soda na nusu ya vitunguu vyetu, tukapanda na gia namba mbili, madirisha wazi.

Kesho yake fundi wa Iringa aliweka mpira mpya, na kulanti na maji nusu kwa nusu. Akataka kung'oa na themostati, ugonjwa wa mafundi wetu wengi. Mwenzangu akagoma. Bila themostati injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta, na baridi ya Iringa mnaijua.

Lakini usiku ule tulifika saa mbili. Wajomba walishaondoka. "Shikamoo mama," jamaa akasema, shati limejaa kutu. Mama akamtazama juu mpaka chini.

"Marahaba mwanangu. Kanawe kwanza, ugali nimeufunika."