Kiitikio na Nyuzi: Swali Kutoka Bungoma

Mwanafunzi mmoja wa kike, mzaliwa wa Bungoma aliyekuwa akisoma Kitale, aliwahi kuuliza swali ambalo uhakiki wetu haujalijibu ipasavyo. Darasa lilikuwa likijadili Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert. Ikiwa mwanamke aliingia katika okestra ya taarabu kwa kupitia Siti, aliuliza, je, kukhu wake, aliyeimba kando ya litungu katika kila sherehe kijijini, ahesabiwe kuwa nani?

Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Historia ya taarabu kwa kawaida huanzia ikuluni. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze ala iitwayo kanuni. Nadi Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ilikuwa chama cha wanaume. Siti, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa mchuuzi wa vyungu, aliingia kwa koo lake. Na aliporekodiwa Bombay mwaka 1928, wapigaji wa ala walikuwa wanaume. Kwa kipimo cha ala, basi, mwanzo huo ni wa wanaume watupu.

Lakini ni nani aliyekiweka kipimo hicho? Litungu la Wabukusu, lenye nyuzi saba, kwa desturi hupigwa na mwanamume. Hata hivyo wimbo wake hudai kiitikio, na wanawake ndio hukibeba kwa sauti na vigelegele, mabega yakitikisika kwa mtindo wa kamabeka. Kiitikio kikikosekana, mpigaji hubaki akijisemea. Kumwita mwanamke huyo msindikizaji ni kukubali kwamba muziki ni mti, ngozi na nyuzi tu. Ala iwekwapo ndani ya kioo, katika jumba la makumbusho mfano wa lile lililoanzishwa na Stoneham huko Kitale mwaka 1926, nyuzi huonekana. Kiitikio hakina pa kutundikwa.

Isidhaniwe kwamba kasoro hii ni yetu peke yetu. Okestra mashuhuri ya Filarmoniki ya Vienna ilimkubali mwanachama wa kwanza wa kike, Anna Lelkes, mwaka 1997, ilhali alikuwa amekwisha kupiga kinubi pamoja nayo kwa zaidi ya miaka 20. Yeye hata nyuzi alizishika, na bado hakuhesabiwa!

Mwaka 2009 Mariam Hamdani aliasisi kikundi cha Tausi huko Unguja, ambamo wanawake wenyewe hupiga ala za taarabu. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, ingawa hailijibu swali la binti yule, kwa kuwa yeye hakuulizia nyuzi. Agosti ya mwaka shufwa ilipowadia, msimu wa tohara kwa Wabukusu, alirudi Bungoma kuitikia.