Hodi ya Vifaa

Hodi ni neno fupi, lakini adabu iliyomo ndani yake ni ndefu. Mtu afikaye penye nyumba ya mwenziwe hasukumi mlango. Husimama nje, akabisha, akangoja. Mwenye nyumba huuliza, "Nani?" Mgeni akijibu, "Mimi," hajajibu kitu, kwa maana kila mtu ulimwenguni ni mimi. Lakini sauti yake imesikika, na kwa sauti mwenyeji humtambua ndugu, jirani au mtu asiyemjua. Hivyo tangu kale mlango umelindwa na vitu viwili: adabu ya abishaye na sikio la abishiwaye.

Siku hizi hodi hubishwa na vitu visivyo na sauti. Kamera, taa, kufuli, mita ya umeme, saa ya mkononi na kipimajoto, vyote huomba kuingia katika mtandao. Kiswahili kimeviita vifaa janja, na jina hilo limebeba sifa na onyo pamoja. Mjanja hujua njia za kupita. Lakini hapana mzazi amwozaye binti yake kwa mtu kwa ajili ya ujanja peke yake. Kwanza huuliza asili yake, na nani amdhaminiye. Swali hilo la wazazi ndilo linalowapasa walinzi wa mitandao.

Jibu la kwanza la swali hilo lilikuwa neno la siri. Neno moja huwekwa katika kila kifaa, na kila kifaa kilijuacho hupokewa. Njia hii ni nyepesi, lakini ina kasoro ya asili: siri ya vifaa mia ni siri yenye vinywa mia. Kimoja kikiibwa, vyote vimefichuliwa. Na mlinzi atakaye kukifukuza kimoja hana budi kubadili neno katika tisini na tisa vilivyosalia. Tena viwanda vingi viliuza vifaa vyenye neno moja lililotoka kiwandani, na wanunuzi wengi hawakulibadili.

Gharama ya uzembe huo ilionekana mwaka 2016. Programu moja mbaya iliyoitwa Mirai ilizunguka ulimwenguni ikibisha milango ya kamera na ruta, ikijaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya viwandani yaliyozidi kidogo 60. Orodha hiyo fupi ilitosha kuteka vifaa kwa malaki. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa vilivyotekwa liliishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti nyingi, na kwa saa kadhaa watu wengi wa Marekani na Ulaya hawakuweza kufika Twitter, Netflix na kwingineko. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Kamera walizozinunua zilinde nyumba zao zilikuwa zikibomoa nyumba za wengine. Baadaye sheria nazo ziliamka. Uingereza, kwa mfano, tangu tarehe 29 Aprili 2024 imekataza kuuza vifaa vya namna hii vyenye maneno ya siri mepesi ya kubahatisha.

Jibu la pili ni bora, nalo halikuwa geni kwa desturi za watu. Zamani msafiri aliyekwenda mji wa mbali alichukua barua ya mtu anayeheshimiwa huko aendako. Mwenyeji hakumjua mgeni, lakini aliujua muhuri. Cheti cha kifaa ni barua ya namna hiyo. Muundo wa vyeti hivi, uitwao X.509, ulitolewa mwaka 1988, na msingi wake ni hesabu iliyotangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976: kwamba mtu aweza kuwa na funguo mbili zilizooana, mmoja wa wazi ambao huonyeshwa watu wote, na mmoja wa siri ambao haonyeshwi yeyote. Cheti husema, "Ufunguo huu wa wazi ni wa kifaa fulani," na chini yake mamlaka inayoaminiwa hutia saini.

Lakini barua yaweza kuibwa, na mwizi akajidai kuwa ndiye mwenyewe. Kwa sababu hii mlango hautosheki na kuonyeshwa cheti. Hutaka kifaa kitie saini, kwa ufunguo wake wa siri, mazungumzo ya saa ile ile, ambayo hayajapata kuwako kabla wala hayatarudiwa. Aliyeiba cheti bila ya ufunguo hawezi kutia saini hiyo. Ufunguo wenyewe, katika kifaa kilichoundwa vyema, hukaa ndani ya kijidude kisichoutoa nje hata kwa bwana wake. Utaratibu wa mlango uliandikwa mwaka 2001 kwa jina la 802.1X: swichi au kituo cha Wi-Fi hukizuia kifaa kizingitini, hakipitishi ila maneno ya kujitambulisha, na huyapeleka maneno hayo kwa seva, ambayo ndiyo kadhi. Seva ikiridhika, mlango hufunguliwa. Isiporidhika, kifaa hubaki nje.

Na katika njia iitwayo EAP-TLS mna uadilifu mmoja upendezao. Mgeni humwonyesha mwenyeji cheti, na mwenyeji humwonyesha mgeni chake. Kwa nini mwenyeji aulizwe katika nyumba yake? Kwa kuwa wako watu wasimamishao mlango wa uongo, wakauita kwa jina la mlango wa kweli, wakangoja wapitao. Katika mtandao wa eduroam, unaowawezesha wanachuo wa nchi nyingi, Kenya na Uganda zikiwemo, kupokewa katika vyuo vya wenzao, hatari hiyo inajulikana vizuri: simu isiyochunguza cheti cha seva yaweza kumkabidhi laghai neno la siri la mwenyewe. Haki ya kuuliza "Nani?" si ya aliye ndani peke yake.

Hayo ni maneno ya vitabu, na maneno ya vitabu hayajui usingizi wala umeme kukatika. Katika chuo kimoja palikuwa na fundi wa mitandao, mtu mzima, mwaminifu wa kazi, aliyeyaamini haya kwa moyo wake wote. Alivitoa vifaa vya maabara katika neno moja la siri akavipa vyeti, kimoja kimoja, kwa muda wa miezi miwili. Miongoni mwavyo kilikuwamo kipimajoto cha friza iliyotunza sampuli za damu. Kazi yake ilikuwa ndogo: kupeleka habari ya joto kila dakika tano, na joto likipanda, kupeleka onyo katika simu ya mlinzi na ya mwenye sampuli. Mwenye sampuli alikuwa msichana mmoja mtafiti, ambaye alizikusanya kwa muda wa miezi kumi na minne, kijiji kwa kijiji.

Usiku mmoja wa Jumamosi umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi tena. Mashine ya friza haikuwaka. Kipimajoto kiliwaka, kikapima vyema, kikaona joto linapanda, kikaenda kubisha hodi mtandaoni ili kitoe habari. Mlango ulijibu kwa kuonyesha cheti chake. Lakini kipimajoto hakikuwa na betri ya saa. Kila kilipozimika na kuwaka, saa yake ilianza upya tarehe 1 Januari 1970, siku ambayo kompyuta nyingi huanza kuhesabia wakati. Kikatazama cheti cha mlango, kikaona kimeanza kutumika zaidi ya miaka hamsini mbele. Kwa hesabu yake cheti kile kilikuwa hakijazaliwa. Kikakikataa, kama kilivyofundishwa. Kingeweza kusahihisha saa yake kwa kuiuliza seva ya wakati, lakini seva hiyo ilikuwa ng'ambo ya mlango. Ili kiingie, kilihitaji saa; ili kipate saa, kilihitaji kuingia. Kikabisha na kukataa, kikabisha na kukataa, hata kulipopambazuka.

Asubuhi ya Jumatatu msichana alifungua friza. Hakulia. Alitoa chupa moja, akaigeuza, akaona majimaji yanakwenda huku na huku, akairudisha mahali pake kwa uangalifu, kana kwamba ingali na thamani. Fundi alipoitwa na kusoma kumbukumbu za kifaa alifahamu yote kwa muda mfupi, akatamani asifahamu.

"Fundi," alisema msichana, "kifaa kilijua?"

"Kilijua, binti yangu. Tangu saa nane usiku."

"Basi kwa nini hakikusema?"

"Nilikifundisha kumshuku mlinzi wa mlango. Sikukifundisha kujua leo ni siku gani. Kosa ni langu."

Wakati wa neno moja la siri, kifaa kile kingeingia bila ya kuuliza tarehe. Jambo hili lilisemwa wazi katika mkutano uliofuata, na waliolisema hawakuwa wajinga. Mmoja alitaka vyeti viondolewe. Mwingine, mpole zaidi, alitaka vibaki, ila vifaa viamriwe kukubali cheti chochote cha mlango. Fundi alisikiliza akiwa ameinama. Hoja hizo zilikuwa na uzito wa chupa zile, na yeye hakuwa na uso wa kushindana nazo. Hata hivyo hakuweza kuzikubali. Kifaa kinachokubali cheti chochote hakina tofauti na mtoto aliyeambiwa amfuate kila amwitaye. Na chuo kilikuwa na vifaa vingine ambavyo laghai akivishika angeweza kufungua milango ya stoo ya dawa. Kuondoa mlango kwa sababu kitasa kimekwama ni kuwaadhibu wenye nyumba kwa kosa la seremala.

Akaomba mambo manne. La kwanza, vipimajoto vyote vitiwe betri ya saa, na kila kimoja kiandike ndani yake wakati wa mwisho kilioujua, ili kisirudi nyuma kamwe kupita hapo. La pili, kila friza iwe na kengele yake yenyewe, ya kulia papo hapo bila ya kuuomba mtandao ruhusa. La tatu, daftari la vyeti lishikwe na watu wawili, na kila cheti kifanywe upya muda wake ungali mrefu. Maana tarehe 6 Desemba 2018 cheti kimoja kilichokwisha muda ndani ya programu za Ericsson kiliwakatia mtandao mamilioni ya wateja wa simu katika Uingereza na Japani. La nne ndilo alilolijutia kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa jepesi kuliko yote: seva isiyosikia habari ya kipimajoto kwa robo saa iamshe mtu. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika usiku ule kimya kilipiga kelele kwa zaidi ya saa thelathini, na hapana aliyewekwa kukisikiliza.

Mkutano ulikubali. Msichana hakuwamo, alikuwa ameanza kuandika barua za kuomba ruhusa ya kurudi vijijini.

Hapana shaka cheti ni kitu bora kuliko neno la siri, kama barua yenye muhuri ilivyo bora kuliko kusema "Mimi." Lakini cheti ni ushahidi, na ushahidi wote husimama juu ya vitu ambavyo wenyewe hauwezi kuvithibitisha. Husimama juu ya uaminifu wa mtoa muhuri: mwaka 2011 mamlaka moja ya Uholanzi, DigiNotar, iliingiliwa na wezi, vikatolewa vyeti vya uongo kwa jina la Google na mengine, vikatumiwa kuwapeleleza watu wa Irani, vivinjari vikaikataa mihuri yake, na katika mwezi wa Septemba mwaka huo huo ikafilisika. Tena husimama juu ya saa iliyo sawa. Na mwisho wa yote husimama juu ya mtu aliye macho. Atiaye imani yake yote katika cheti amemsahau aliyekitia saini, na asiyetaka cheti kabisa amesahau idadi ya wezi waliopo. Hekima ni kuweka mlango, kisha kuweka mtu wa kuuangalia mlango.

Friza ile ingali katika maabara. Ubavuni mwake imefungwa kengele nyekundu, na kipimajoto kimetiwa betri ndogo mviringo, yenye bei nafuu kuliko nauli ya safari moja ya kwenda vijijini. Kila mwezi fundi huzima umeme wa friza kwa makusudi, huiwasha tena, kisha husimama akitazama: kifaa kikaamka, kikaitambua siku, kikabisha hodi, kikauliza, kikaulizwa, kikaingia. Jambo lote halichukui dakika moja. Anapoona kimeingia huandika tarehe katika daftari kwa mkono wake, na chini ya tarehe hutia saini.