Kompyuta ya kazi, fedha ya familia

Msimu wa harusi unapokaribia, vijana wengi wanaoishi kwa kurekodi na kuhariri video hurudi kwenye swali lilelile: wanunue kompyuta iliyo tayari, au wanunue kifaa kimoja kimoja na kuiunganisha wenyewe? Kwa anayeishi peke yake, hilo ni suala la bei na fundi. Kwa mwenye mke na watoto ni suala la nyumba nzima, kwa kuwa fedha hiyohiyo ndiyo ada na ndiyo kodi ya miezi 6.

Familia moja ya Mbagala, Dar es Salaam, ilibishana kuhusu jambo hilo kwa wiki kadhaa. Mume hurekodi harusi na sendofu. Mke anauza vitenge sokoni, na sehemu kubwa ya akiba ilitoka kwenye mchezo anaoucheza na wenzake.

Mume alitaka kuunganisha, na hoja zake zilikuwa na uzito. Video ya 4K inayorekodiwa kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hujaza takriban GB 45 kwa saa. Kamera mbili zikirekodi saa 4 kila moja, hiyo ni GB 360 kwa harusi moja. Kompyuta ya mezani huongezwa RAM na diski kadiri kazi inavyokua, na kadi yake ya picha hubadilishwa. Kwenye laptop nyingi kadi hiyo haibadiliki, na nyingine hata RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi.

Mke hakuuliza kuhusu prosesa. Aliuliza mambo matatu. "Mume wangu, umeme ukikatika usiku itakuwaje? Ikigoma Ijumaa na harusi ni Jumamosi, nani ataitengeneza? Na ni kazi ngapi zitairudisha hii fedha?"

La kwanza lilimfanya mume aongeze UPS kwenye hesabu. Kompyuta ya mezani isiyo nayo huzima papo hapo, na hata ukiwa nayo unapata dakika za kuhifadhi kazi tu. La pili lilikuwa gumu zaidi. Vifaa vikinunuliwa katika maduka matano, kila duka lina dhamana yake, na kompyuta ikigoma kila muuzaji anaweza kusema kosa ni la kifaa cha mwenzake. Iliyo tayari ina muuzaji mmoja wa kuulizwa, mradi ametoa risiti na dhamana ya maandishi.

La tatu walilijibu kwa daftari. Waliorodhesha kazi zote za mwaka uliopita wakaona wateja wengi walitaka video ya kawaida ya HD ya kutazama kwenye simu na runinga. Waliotaka 4K walikuwa wachache, na hao wangeweza kuhudumiwa kwa kutengeneza kwanza nakala nyepesi za kuhariria. Kilichomkesha mume hadi alfajiri, macho mekundu na mgongo ukiuma, kilikuwa zaidi diski ya zamani iliyojaa na RAM ndogo.

Wakaamua kununua kompyuta ya mezani ya ofisi iliyotumika, yenye kasha kubwa, kwa muuzaji mmoja. Waliongeza RAM hadi GB 32, SSD na UPS. Kadi kubwa ya picha ilisubiri, maana ingehitaji pia kubadilisha kifaa cha umeme cha ndani, ambacho kwenye mashine za ofisi mara nyingi hakina nguvu ya kuibeba.

Mume bado anaitamani kadi hiyo. Kila kazi inapolipwa, sehemu huingia kwenye bahasha inayotunzwa na mkewe. Walikubaliana kuwa bahasha itafunguliwa baada ya ada ya Januari kulipwa, na wote wawili wakiwepo.