Boma la Babu na Boma la Serikali

Nilikulia chini ya Mlima Meru, na utotoni nilijua maboma mawili. La kwanza lilikuwa la babu: nyumba zake, migomba, zizi la ng'ombe na ua uliozunguka vyote. Ukiulizwa umetoka wapi, ulijibu umetoka boma la fulani, na hapo hapo ukoo wako ukajulikana. La pili lilikuwa la serikali, Arusha mjini, nasi tulilitaja kwa namna moja tu: bomani.

Wazee hawakuyatamka maneno hayo kwa sauti moja. Boma la babu lilitajwa kwa raha. Bomani kulitajwa taratibu. Aliyeitwa huko alioga, akavaa koti lake la safari, na bibi akamsindikiza hadi njia panda, maana hakuna aliyejua kama angerudi na kibali, na faini, au angelazwa ndani.

Hofu hiyo ilikuwa na historia, na babu ndiye aliyenisimulia. Mwezi wa Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru. Kapteni wa Kijerumani, Kurt Johannes, akaja na jeshi kutoka Moshi kuwaadhibu Wameru na Waarusha. Migomba ilifyekwa, ng'ombe wakaswagwa. Kisha walioshindwa wakalazimishwa kubeba mawe na kuujenga mji wa mshindi wao. Kufikia mwaka 1900 boma la Arusha lilikuwa limesimama, jeupe, na mawe yake yalikuwa yamepita mabegani mwa baba zetu.

Jengo lilikuwa la Wajerumani, lakini neno walilikuta. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipopiga kambi porini, wapagazi walikata matawi ya miiba wakazungusha boma, simba na wezi wasiingie. Msafiri Stanley alilitumia neno hilo katika vitabu vyake vya miaka ya 1870. Ndiyo maana siikubali hadithi inayopendwa na watembeza watalii, kwamba boma ni herufi za mwanzo za jina la utawala wa Waingereza. Waingereza waliitwaa Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza, na wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga maboma Bagamoyo, Mikindani, Songea na kwingineko. Mwaka 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliposhambulia boma la Mahenge, kila mmoja wao alijua kilichokuwa nyuma ya kuta zile.

Kilichokuwa nyuma ya kuta ndicho kilichobadili maana. Askari, bunduki, jela, sanduku la kodi na meza ya hukumu vilikaa ndani ya ua mmoja. Jina la uzio likashikamana na mamlaka, na Mwingereza alipokuja akalirithi pamoja na majengo. Malawi neno hilo lilisonga mbele zaidi: kwa Kichewa, boma ni serikali yenyewe.

Kwetu lilirudi nyuma. Mwaka 1987 jengo la Arusha likawa Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watoto wa shule wakaanza kuingia wakicheka mahali ambapo babu aliingia amevua kofia. Shida za watu zikahamia kwa mtendaji wa kijiji, halmashauri na kwa mkuu wa wilaya. Vijana wa leo huenda halmashauri. Neno bomani hulisikia kwa wazee tu.

Lakini neno halikufa, lilipata kazi mpya. Soma taarifa ya halmashauri yoyote leo utakuta maboma kwa wingi: ya madarasa, ya zahanati, ya nyumba za walimu. Ni kuta zilizofika kwenye lenta zikingoja kupauliwa na kuezekwa. Kijijini kwetu tulijenga moja la zahanati. Wanaume walifyatua tofali, kina mama wakabeba maji na mchanga, na waliohamia mjini wakatuma fedha. Kuta zilipokamilika michango ikaisha. Mvua zikanyesha ndani, majani yakaota palipokusudiwa kuwa chumba cha kujifungulia.

Nalipenda neno hili kwa maana yake ya sasa kuliko ile niliyoikuta utotoni. Boma la 1900 lilijengwa na watu wetu kwa kulazimishwa, wakijijengea mahali pa kuhukumiwa. La zahanati wamelijenga kwa hiari, kwa ajili ya watoto wao. Serikali inayoahidi kuezeka inapokea jasho ambalo hakuna askari aliyelidai, na jasho la hiari ni deni kubwa zaidi. Lile la Mjerumani lilikamilika upesi kwa kuwa mtawala alilihitaji. Hili linahitajiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku, mbali na hospitali, nalo linastahili haraka ile ile.