Kukosea kwa Makusudi

Indianapolis, Agosti

Uwanja wa Lucas Oil unaingiza watu zaidi ya 60,000, lakini mpwa wangu alinipitisha kando yake kama tunapita ghala la saruji. "Mjomba, huko ndani ni mashindano," akasema. "Ngoma yenyewe iko nje." Nje maana yake lami ya maegesho ya magari, jua la mchana, na watu wameinua simu kama wanaopiga picha ya bibi harusi.

Waliokuwa wakipigwa picha ni vijana wa vikosi vya ngoma na tarumbeta, hakuna aliyezidi miaka 22. Majira yote ya joto huzunguka Marekani kwa mabasi, wanalala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule, mpaka Agosti wanapokutana kwenye fainali za Drum Corps International. Fainali hizo zilianza mwaka 1972 huko Whitewater, Wisconsin. Jumla ya alama huhesabiwa hadi tarakimu ya tatu baada ya nukta. Nilidhani mpwa ananitania, kumbe ndivyo.

Hiyo tarakimu ya tatu ndiyo inayowafanya vijana wawe wakali juu ya kila kosa. Ngozi ya ngoma zao ndogo si ngozi, ni Kevlar, nyuzi zile zile za fulana za kuzuia risasi, imekazwa hadi ukiigonga kwa kucha inalia kama meza. Juu ya kitu kigumu namna hiyo hakuna pa kufichia kosa. Fimbo ya jirani ikipanda kidole kimoja juu kuliko yako, kila mtu anaiona.

Basi kikosi kimoja kilipopumzika, wapigaji watano wa ngoma kubwa walibaki wamejipanga. Ngoma zao hazilingani ukubwa, na pigo moja refu hugawanywa baina yao, kama watu watano wanaosema sentensi moja, kila mmoja na silabi yake. Wakavaa miwani ya jua, wakakaza taya, wakaanza kutikisa vichwa kwa majivuno mazito. Kisha wakapiga. Umati ukaangua kicheko. Mimi sikuona cha kuchekesha.

"Wa tatu amechelewa," mpwa akaninong'oneza. Wakarudia. Akachelewa tena, kiasi cha unywele tu, na kila akichelewa anamgeukia wa nne kwa jicho kali, kana kwamba kosa ni la mwenzake. Mara ya nne nikaisikia ile silabi iliyokwama, nikacheka peke yangu, wenzangu wameshamaliza. Walikuwa wanaiga nani? Wanajiiga wenyewe: ule ukali wao, na ile hofu ya wastani wa alama ambayo itawafuata uwanjani jioni ile ile. Na kuchelewa kwa kiasi kile kile mara nne mfululizo, nadhani, ni kugumu kuliko kuwahi.

Mchezo huu una wazee wake. Miaka ya 1970 vijana wa kikosi cha Bridgemen, kutoka Bayonne, New Jersey, waliacha sare za kijeshi, wakavaa makoti marefu ya njano na kofia pana kama majambazi wa sinema. Miaka ya 1980 Velvet Knights wa Anaheim, California, waliingia na viatu vyekundu vya raba na vituko vya kila aina. Watazamaji waliwapenda kupita kiasi. Ubingwa hawakuutwaa, si hawa wala wale.

Basel, Uswisi

Hapa niseme kwa ufupi, maana baridi ya saa kumi alfajiri haikuniachia vidole vya kuandikia. Jumatatu baada ya Jumatano ya Majivu, kwenye kanivali ya hapa, taa za mji huzimwa, na vikundi vyenye ngoma na filimbi ndogo hutembea gizani wakifuata taa kubwa zilizochorwa dhihaka za wanasiasa. Huku mzaha una shabaha nje ya kundi, tena huja na maelezo: wanakugawia kipande kirefu cha karatasi chenye mashairi ya lahaja yao, ujue nani anasemwa. Kilichonifurahisha zaidi ni bendi za Guggenmusik, zinazopuliza tarumbeta nje ya sauti kwa makusudi. Wote hukengeuka pamoja na hurudi pamoja. Asiyejua sauti hawezi kuipotoa hivyo.

Unguja, nyumbani

Wiki mbili baada ya kurudi nikaalikwa harusi Ng'ambo, na beni ikaja. Tarumbeta moja, ngoma kubwa kifuani, vigoma, na mwimbaji aliyemsema kila mtu kuanzia wifi hadi mpiga picha. Akina mama waliifuata wakikata viuno, na watoto mbele wakitembea kiaskari, kushoto-kulia, mikono imenyooka.

Hapo nikasimama. Mwendo ule umetoka wapi? Beni ilizaliwa pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19, watu wakiigiza bendi za wanajeshi wa kigeni. Mombasa ikawa na Kingi na Skochi, Tanganyika Marini na Arinoti, kila kundi na majenerali wake wa kujipachika, sare na gwaride. Wakoloni hawakujua wacheke au wakamate. Serikali iliwatilia shaka kwa miaka mingi. Watu wenyewe, nadhani, walifanya yote mawili kwa pamoja: waliitamani ile sare na waliicheka.

Sasa aliyechekwa ameondoka, na mzaha umebaki unatembea peke yake. Nikamuuliza mpuliza tarumbeta kama ile noti ya juu, iliyokuwa nje ya sauti usiku kucha, ni ya makusudi. Akaufuta mdomo wa chombo kwa shati. "Kaka, ukiipenda ni makusudi."

Mpwa amenitumia ujumbe kuniuliza nani mshindi kati ya hawa wote. Kwa ufundi, wale watano wa Indianapolis, bila ubishi. Kwa kucheka, Ng'ambo. Nawe ukifika Indianapolis mwezi Agosti, usikimbilie kiti cha uwanjani kwanza: anzia kwenye maegesho, simama karibu na ngoma ya tatu, na chukua kofia.