Likizo Fupi, Wazazi wa Pande Mbili

Akina mama wenzangu, kila mara shule zinapokaribia kufungwa, swali moja huingia katika nyumba nyingi: safari hii tunakwenda kwa nani? Kwa wazazi wa baba, au kwa wazazi wa mama?

Nyumbani kwetu swali hili lina barabara ndefu. Tunaishi Morogoro. Mume wangu ni mwenyeji wa Kasulu, mkoani Kigoma, katika nchi ya Waha. Mimi nilizaliwa Muleba, mkoani Kagera, karibu na Ziwa Victoria. Likizo ambayo sisi wawili tunaweza kuipata kwa pamoja ni siku kumi na mbili tu.

Ukitazama ramani utadhani jambo ni rahisi. Unapita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama mpaka unafika Nyakanazi. Hapo njia zinaachana. Ukikata kushoto unakwenda Kakonko, Kibondo na Kasulu. Ukisonga mbele unaipata njia ya Biharamulo, Muleba na Bukoba. Kwa kidole juu ya karatasi, Kasulu na Muleba ni majirani. Lakini wazee walisema njia mbili zilimshinda fisi, nasi tulikuja kulielewa neno hilo tukiwa na watoto wawili na mabegi manne.

Tulivyogawa

Mwezi wa Desemba 2019 tuliamua kugawa. Mume wangu alisema, "Mama watoto, tukienda kwetu tu, mama yako atanung'unika. Tukienda kwenu tu, wangu watasema umenishika. Tugawe, tuwe sawa." Nilikubali. Nilimwona ni mume mwenye haki, na bado namwona hivyo.

Wakati ule mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kusafiri usiku kucha. Siku ya kwanza tulilala Kahama. Siku ya pili tuliingia njia ya Kibondo. Mvua za nyanda za juu za Kigoma huanza karibu na Novemba, na sehemu kubwa ya barabara ile ilikuwa bado ya udongo. Basi lilinasa kwenye tope mara mbili, wanaume wakashuka kusukuma, na sisi wenye watoto tukabaki ndani tukiomba Mungu. Tulifika Kasulu usiku, tukiwa wekundu kwa udongo kuanzia viatu hadi mapajani.

Tulikaa siku tatu kamili. Siku ya kwanza watoto walilala tu kwa uchovu. Siku ya pili walianza kumzoea bibi yao. Siku ya tatu babu yao alimwita kijana wetu, wakati huo ana miaka saba, akamwambia, "Mjukuu wangu, mvua ikipungua nitakupeleka juu kule ukaone mizinga yangu ya nyuki." Mtoto hakulala kwa furaha.

Kesho yake alfajiri tulikuwa tunafunga mabegi. Mama mkwe alikuwa ameloweka maharage tangu usiku ili atupikie kwa mawese, jinsi mwanawe anavyopenda. Aliposikia basi linaondoka saa kumi na mbili, alisimama mlangoni na bakuli lake mkononi. Hakukasirika. Alisema tu, "Kumbe mlikuwa mnapita. Mimi nilidhani mmekuja."

Safari ya Muleba ilichukua siku mbili tena, pamoja na kulala njiani. Binti yetu alianza kuharisha. Tulikaa kwa mama yangu siku mbili kamili, na nusu ya muda huo niliutumia kituo cha afya. Ulikuwa msimu wa senene. Mama alikuwa ametuwekea za kukaanga, na mgonjwa wangu hakuweza kuonja hata moja. Kisha tukaanza siku mbili za kurudi Morogoro. Siku ya kumi na mbili nilifua nguo.

Baadaye nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Siku kumi na mbili: sita barabarani, tatu Kasulu, mbili Muleba, moja ya kufua. Tulilipa nauli ya watu wanne mara tatu ili tupate siku tano za kukaa na wazazi, nazo zikiwa za uchovu.

Tuligawa kwa ajili ya nani?

Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, hatukusafiri. Mwaka 2021 baba mkwe alifariki. Mume wangu aliwahi mazishi peke yake, kwa kuwa watoto walikuwa shuleni na pesa haikutosha sote. Zile siku tatu za Desemba ndizo zilizokuwa za mwisho kwa watoto wangu kumwona babu yao, na ile safari ya mizinga haikufanyika.

Silaumu mtu. Hakuna ajuaye siku. Lakini msiba ule ulitufanya mimi na mume wangu tukae chini tuzungumze kweli. Tuligundua kwamba tulipogawa likizo hatukuwapa wazazi haki sawa. Tulijipa sisi amani ili tusigombane. Kila upande ulipata mguu wetu mmoja, na mguu wa pili ulikuwa tayari umepanda basi. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haitaji idadi ya siku, lakini mzazi anajua tofauti ya mtoto aliyekuja kukaa na mtoto aliyekuja kuweka alama kwamba amefika.

Siku saba za Kasulu

Juni 2023 tulikwenda Kasulu peke yake. Kabla ya yote nilimpigia mama yangu. Niliogopa simu hiyo kuliko safari. Mama amepita miaka sabini. Nilimwambia ukweli wote: mwaka huu ni Kasulu, kwa sababu mama mkwe sasa ni mjane, na mwaka ujao ni kwako, siku zote. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Afadhali, mwanangu. Safari ile ulikuja ukiwa umechoka hata hukuniuliza habari zangu."

Juni ni kiangazi. Barabara haina tope, na hewa ya Kasulu asubuhi ni ya baridi hasa. Msifikiri Kigoma yote ni joto la ziwani. Bebeni masweta. Vilima vimejaa migomba, mihogo na mashamba ya maharage yaliyokwisha vunwa. Asubuhi watu wanasalimiana bila haraka, "Mwakeye," na wanawake hupiga makofi laini huku wakiinama. Siku ya kwanza binti yangu alicheka. Siku ya nne alikuwa anapiga makofi mwenyewe kabla sijamkumbusha.

Tulikuwa na siku saba kamili, na zilitosha kwa mambo ambayo siku tatu haziyafikishi. Jumapili tulisali pamoja na majirani. Nilikwenda shambani na mama mkwe, tukachimba mihogo, akanionyesha namna yao ya kuivundika. Shangazi wa mume wangu anaishi Kibondo. Zamani tungesema tumfuate huko, tukalale siku moja, turudi. Safari hii alipopata habari kwamba tutakaa wiki nzima, alipanda basi mwenyewe akaja na dumu la asali. Nilijifunza hapo kwamba ukitulia mahali pamoja, ndugu wanakufuata.

Tulitoka siku moja tu. Tangu barabara ya Kasulu na Kigoma iwekwe lami, mtu anaweza kuondoka asubuhi akarudi jioni. Tuliwaonyesha watoto Ujiji, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Tukaona kituo cha reli cha Kigoma, mwisho wa reli ya kati iliyofika huko mwaka 1914. Tukakaa ufukweni tukala migebuka, na baba yao akawaeleza kwamba Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470. Mimi nilitamani sana Gombe, kwenye wale sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960. Lakini Gombe kunafikika kwa maji tu, kungetaka siku nyingine na pesa nyingine. Tuliiacha. Jioni ile tulilala Kasulu, kwenye kitanda kile kile.

Usiku wa sita mama mkwe alizungumza. Tulikuwa jikoni, sisi wawili, moto umebaki makaa. Alinieleza kwamba alipoolewa, nyumba haikuwa hapa. Ilikuwa juu mlimani, kila kaya na migomba yake, kama Waha walivyokaa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa operesheni ya vijiji, waliamriwa kushuka. Alibeba mtoto mgongoni na jiwe la kusagia kichwani. Mtoto huyo alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu. Baba mkwe alikubali kushuka, lakini mizinga yake aliiacha kule kule, na kwa miaka yote alikuwa akipanda kuitazama. "Nilidhani anafuata asali," mama alisema. "Kumbe alikuwa anakwenda nyumbani."

Nimeolewa miaka kumi na minne, na sikuwahi kuijua habari hiyo. Mume wangu aliijua nusu tu. Haikuwa habari ya kumwambia mgeni wa siku tatu.

Asubuhi yake tulipanda mlima sote, polepole, kwa mwendo wa mama. Migomba imegeuka pori, lakini mizinga miwili bado ilikuwa juu ya mti, na nyuki ndani. Kijana wetu, sasa ana miaka kumi, alisimama chini akaitazama muda mrefu. Hakusema kitu. Nasi hatukumwambia kitu.

Tuliyojifunza

Msomaji mpenzi, huenda kwenu ni Mbeya na Tanga, au Kisii na Mombasa. Hesabu ni ile ile.

Kwanza, msihesabu siku za likizo, hesabuni siku kamili za kukaa. Toeni siku za kwenda, za kurudi, na moja ya kupumzika kabla ya kazi. Kinachobaki ndicho mlicho nacho. Kikiwa chini ya siku kumi, na kutoka upande mmoja kwenda wa pili kunataka kulala njiani, msigawe. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi ya usiku, na safari zimefupika. Hata hivyo mtoto aliyekesha kwenye kiti bado ataamka amechoka.

Pili, laleni mahali pamoja, tembeeni mchana. Matembezi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo hayamwondolei bibi wajukuu wake.

Tatu, upande usiokwenda uambieni mapema, ninyi wenyewe, nao wapewe mwaka wao. Kisha ahadi hiyo itunzwe kuliko ahadi nyingine zote. Anayewapigia wazazi wa mama awe mama, na wa baba awe baba, asije mkwe akabebeshwa lawama.

Nne, ugonjwa unavunja zamu. Kuna dada aliniuliza, "Je, kama mama yako angefariki mwaka ule wa Kasulu?" Sina jibu jepesi. Najua tu kwamba kama angeugua, tungekatia safari njiani na mama mkwe angetusukuma tuende. Na najua kwamba kugawa hakukutuokoa na uchungu tulipompoteza baba.

Juni 2024 ilikuwa zamu ya Muleba. Pale Nyakanazi safari hii hatukukata kushoto, tulisonga mbele. Tulifika jioni. Mama alifungua mlango, akawakumbatia wajukuu mmoja mmoja, kisha akaniangalia mimi na mabegi.

"Mmekuja na siku ngapi?" aliuliza.

Kabla sijajibu, kijana wangu alidakia, "Zote, bibi."