Baiskeli ya Milimani, Nchi Isiyo na Mlima

London ilipokuwa ikijiandaa kwa Olimpiki ya 2012, mbio za baiskeli za milimani ziliwaumiza vichwa waandaaji. Mahali pa kwanza palipopendekezwa, Weald Country Park huko Essex, palikataliwa na shirikisho la baiskeli la dunia: pepesi mno kwa mabingwa. Mbio zikahamishiwa Hadleigh Farm, shamba la kilimani linalotazama mahali Mto Thames unapokaribia bahari, na hata huko ikabidi mawe yaletwe na kupangwa ili njia iwe ngumu inavyotakiwa.

Kisa hicho nilisimuliwa na mjomba, mkazi wa Leyton wa miaka mingi, siku aliponitolea stoo baiskeli ya milimani yenye tairi nene za meno na springi mbele. Nilikuwa mgeni kabisa, nimetua juzi tu, na kabla ya kuona jumba lolote la kifalme yeye aliamua anipandishe Bonde la Mto Lea, kutoka Limehouse hadi Waltham Abbey, kandokando ya mifereji na vinamasi.

"Sasa mjomba, milima iko wapi?"

"Mpwa wangu, tairi hizi za tope. Mlima ni jina la dukani tu."

Mimi ni mtu wa Ifakara, na mtu wa Ifakara hafundishwi baiskeli wala tope. Bonde la Kilombero ni tambarare, masika likijaa maji njia zinapotea, na baiskeli ndiyo inayobeba mchele, mkaa na mgonjwa. Nilichokuwa sijawahi kuona ni watu wazima kuingia kwenye tope kwa hiari yao, tena wamevaa rasmi kwa ajili hiyo.

Tuliondoka Limehouse saa mbili asubuhi, mwisho wa Machi, jua likiwaka bila kupasha chochote joto. Mfereji wa hapo, Limehouse Cut, ulifunguliwa mwaka 1770, na ndio wa zamani kuliko yote ya London. Ulichimbwa ili majahazi yaliyoshuka na nafaka kutoka Hertfordshire yaingie Thames moja kwa moja, yasilazimike kuizunguka rasi ya Isle of Dogs na kusubiri maji yajae. Njia tuliyopita kando yake haikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Ilikuwa ya farasi waliokuwa wakiyavuta majahazi kwa kamba, ndiyo maana ni nyembamba, na chini ya madaraja inabana hadi unainamisha kichwa. Siku hizi mwenda kwa miguu ndiye mwenye haki ya kwanza, na mwenye baiskeli hupiga kengele mara mbili, taratibu, kisha anasema asante. Kwetu kengele maana yake "pisha". Kilomita za mwanzo ilibidi mjomba anikumbushe mara kwa mara kwamba hapa kengele ni hodi.

Bow tulisimama Three Mills kutazama kinu cha House Mill, cha mwaka 1776. Kilisaga nafaka kwa nguvu ya bahari: maji yakijaa yanaingizwa nyuma ya milango, yakianza kupwa yanaachiwa kupitia magurudumu. Watu wa Pwani huhesabu bamvua na maji mafu tangu utotoni, lakini sijasikia kwetu mtu aliyeyatuma maji hayo kusaga unga.

Bustani ya Olimpiki tuliipita haraka. Nzuri, safi, na uwanja wake wa baiskeli una paa lililopinda vizuri, lakini nyasi zilizokatwa hivyo sikuhitaji kuzifuata London. Hackney Marshes nayo imegeuzwa viwanja vya kandanda, vingi hadi macho yanachoka. Chini ya nyasi zake kuna vifusi vya nyumba zilizobomolewa na mabomu ya Wajerumani katika vita vya pili vya dunia, vilivyomwagwa hapo kuinua ardhi. Yaani hata kinyanyuko kidogo unachokiona ni nyumba ya mtu.

Kinamasi chenyewe huanzia Walthamstow. Hapo lami inakwisha, matete yanasimama kumpita mtu urefu, na ardhi inaanza kunyonya tairi. Kwa karne nyingi malisho haya yalikuwa ya ushirika: nyasi zikishakatwa, kuanzia Agosti wenyeji waliingiza ng'ombe wao pamoja. Miaka ya 1970 mwishoni kampuni ilitaka kuchimba kokoto hapa, wananchi wakapinga, na mwaka 1985 kinamasi kikawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Moyoni nilipiga saluti. Tumeshaona mabonde mangapi yakiuzwa kwa sababu tu yalionekana "hayana kazi"?

Chini ya daraja la reli linalokata kinamasi hicho, mtengenezaji wa ndege Alliot Verdon Roe alikodi matao mawili yakawa karakana yake, na Julai 1909 akarusha kutoka kwenye nyasi hizo ndege yake ya mabawa matatu. Ilikuwa ndege ya kwanza ya Kiingereza tupu, injini na yote, kuruka nchini humo. Mabawa yake yalifunikwa kwa karatasi. Nadhani alichagua kinamasi kwa sababu ileile iliyotuleta sisi: tambarare, na ukianguka unaangukia kitu laini.

Sasa niseme la tambarare, kwa sababu wengi wanadhani ni mteremko wa raha. Mlimani unapanda ukijua kuna kushuka, na ukishuka unapumzika. Tambarare haikulipi. Ukiacha kukanyaga pedeli umesimama. Siku hiyo upepo ulitoka kaskazini, bonde lote lilikuwa wazi kwake, na gia zile nyingi nilizozicheka asubuhi nilizitumia karibu zote bila kupanda hata hatua mbili. Tope likajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu la nyuma likaanza kulalamika. Baiskeli nyembamba za lami zilizotupita Bow kwa madaha hatukuziona tena huku.

Tottenham Marshes tairi la mbele likapata pancha. Kando ya njia kuna vichaka vya miiba, na vikipogolewa miiba hubaki chini. Mjomba hakuhangaika. Alichomoa tairi kwa vijiko, akavuta tyubu, akaijaza upepo kwa pampu ya mkononi, kisha akapiga magoti ukingoni na kuizamisha kipande kwa kipande kwenye maji ya mfereji hadi mapovu membamba yakapanda mahali pamoja. Akaweka kidole, akapakausha, akakwangua kwa msasa, akapaka gundi, akaipulizia, akabandika kiraka. Mafundi wa chini ya mwembe wote wa Ifakara wangempa mkono. Kizungu kimoja tu kiliongezeka: alinikatalia kugusa sambusa tulizobeba kabla sijanawa kwa maji safi na sabuni. Mkojo wa panya kwenye mifereji hii unaweza kuleta ugonjwa uleule uliozuka Lindi mwaka 2022, tukauita homa ya mgunda. Nilinawa mara mbili.

Karibu na Ponders End unaendesha chini ya maji. Upande wa mashariki kuna tuta refu la majani, kondoo wanalisha mgongoni mwake, na nyuma yake yamelala mabwawa makubwa mawili, la William Girling na la King George V. Maji ya kunywa ya London yapo juu ya kichwa chako, wala huyaoni. Kando kuna mfereji mwingine, uliojengwa baada ya mafuriko ya 1947 ili mto ukifura upate pa kupitia. Kwa mtu wa Kilombero hicho ndicho kivutio cha utalii, si saa ya Big Ben.

Enfield Lock tulikuta mashua ndefu ya kuishi ikipandishwa. Mwanamke mmoja alikuwa ameifungia kati ya milango miwili, akazungusha mkono wa chuma, maji yakaingia kwa kishindo na mashua ikaanza kuinuka na sufuria zake, baiskeli yake na paka wake dirishani. Maji yalipolingana pande zote, akaegemeza mgongo kwenye boriti na kusukuma lango kwa miguu. Tulimsaidia upande wa pili. Akatupa biskuti.

Hatua chache kutoka hapo kilikuwepo kiwanda cha silaha cha serikali, kilichofungwa mwaka 1988; sasa ni nyumba za watu. Jina la Enfield lililo kwenye bunduki ya Lee-Enfield limetoka hapo. Wazee wetu wa jeshi la KAR (King's African Rifles) waliopelekwa Burma 1944 walibeba bunduki za aina hiyo, na yaliyowakuta huko Kabaw, kwenye mvua na tope lisilo na mwisho, hayafanani na matembezi haya hata kidogo. Mjomba alisimama akatazama jengo lenye saa, akasema, "Mali ya kwetu ilienda, ya kwao ikaja." Hakusema zaidi.

Tulipita chini ya barabara ya M25, tukaingia Waltham Abbey tukiwa rangi ya bonde. Huko nako kulikuwa na kiwanda cha baruti, chenye mifereji yake ya ndani, kwa sababu baruti ilikuwa salama zaidi ikisafirishwa kwa mashua kuliko kwa gari lenye kutoa cheche. Bonde zima ndivyo lilivyo: hakuna tone ambalo halikuwahi kuajiriwa, na vinamasi vilivyobaki vimebaki kwa sababu watu waligoma.

Ukipita London, fanya safari hii. Azima baiskeli ya tairi nene, chukua tyubu ya akiba na sabuni, na uiepuke Jumapili yenye jua, maana njia hujaa watoto na mbwa. Anza kusini uishie kaskazini, halafu rudi kwa treni kutoka Waltham Cross, ila kwanza hakikisha ni saa zipi baiskeli isiyokunjwa inaruhusiwa ndani.